Vigogo Chini! Vipigo vya Kushtukiza, kwa Vipimo vya Huruma

Hapa Huruma, Eldoret, mwambie mtu kwamba Mkenya ameshinda marathoni ng'ambo, naye atakuuliza bei ya unga. Ushindi tumeuzoea. Barabara ya kuelekea Maili Nne hujaa wakimbiaji kabla jua halijachomoza, na hakuna anayesimama kuwatazama. Kinachokusanya watu mbele ya televisheni ya kinyozi ni kingine kabisa: kigogo aliyepigiwa upatu akilambishwa vumbi na mtu ambaye mtangazaji bado anajifunza kulitamka jina lake.

Tenisi ndiyo bingwa wa mambo haya. Kila mchezaji ana nambari yake duniani, kwa hiyo aibu ya kigogo huhesabika hadi tarakimu ya mwisho. Riadha nayo ina saa na futi kamba. Nimewapanga wote kwenye foleni moja, na sheria ni moja tu: kipigo kisicho na tarakimu hakiingii.

1. Nambari ya chini kabisa: 204

Oktoba 2025, mashindano ya Shanghai. Valentin Vacherot wa Monaco aliwasili akiwa nambari 204 duniani. Hata nafasi ya kucheza mchujo hakuwa nayo. Alikuwa kwenye orodha ya kungojea mpaka wengine walipojiondoa. Akapenya mchujo. Akamtoa Holger Rune. Kwenye nusu fainali akamkuta Novak Djokovic, mwenye mataji 24 ya Grand Slam, akamwangusha 6-3, 6-4. Kwenye fainali alimkuta binamu yake mwenyewe, Mfaransa Arthur Rinderknech, na udugu ukawekwa kando: 4-6, 6-3, 6-3.

Wanaume 203 waliokuwa mbele yake orodhani wangejaza matatu 14 za abiria 14, na saba wangebaki stejini. Tangu mashindano ya daraja hilo la Masters 1000 yaanze mwaka 1990, hakuna aliyewahi kutwaa taji akitokea chini kiasi hicho. Kitita chake kilizidi dola milioni 1.1, karibu mara mbili ya pesa zote alizokuwa amechuma tangu aanze kulipwa kwa ajili ya raketi.

Na kwao je? Monaco nzima ina watu wapatao 39,000. Sensa ya 2019 iliikuta Eldoret na watu 475,716. Tungeugawa mji wetu, ambao tangu Agosti 2024 ni jiji kamili, kuwa Monaco 12, na watu zaidi ya 7,000 wangebaki bila nchi.

2. Seti 20, hasara sufuri

Emma Raducanu, US Open 2021. Miaka 18, nambari 150, mwaka uleule aliofanya mitihani ya kumaliza sekondari Uingereza. Tikiti yake ya ndege ya kurudi nyumbani ilikuwa imekatwa ya tarehe za baada ya mchujo, kwa sababu hata kambi yake haikutarajia mengi. Akacheza mechi 10, tatu za mchujo na saba za mashindano yenyewe. Seti 20, na hakupoteza hata moja. Tangu wachezaji wa kulipwa waruhusiwe kwenye Grand Slam mwaka 1968, ndiye pekee aliyetokea kwenye mchujo na kulibeba taji la mchezaji mmoja mmoja.

Vacherot alitoka mbali zaidi, lakini alipoteza seti njiani. Kwa usafi wa kazi, namba moja ni binti huyu.

3. Kunyolewa bila maji, mtindo wa Kairo

Wimbledon 1974, raundi ya tatu. Björn Borg ana miaka 18 na ametoka tu kutwaa taji la Ufaransa. Mbele yake amesimama Ismail El Shafei, Mmisri anayetumia mkono wa kushoto. Matokeo: 6-2, 6-3, 6-1. Jumlisha gemu zote: Mwafrika 18, Mswidi 6. Borg huyo ndiye aliyekuja kutwaa Wimbledon mara tano mfululizo, kuanzia 1976 hadi 1980. Kwa alama za gemu, kipigo hiki ndicho kizito kuliko vyote vya tenisi kwenye orodha yangu, na nashangaa kwamba vijana wengi wa Afrika wanaoshika raketi leo hawajawahi kukisikia.

4. Pointi mbili za Wimbledon

Sasa tukaribie nyumbani, na hapa nitakaa kidogo.

Julai 2022, Wimbledon, fainali ya wasichana chipukizi, wachezaji wawili wawili. Upande mmoja yuko Angella Okutoyi wa Kenya, miaka 18, na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Upande wa pili wako Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Mboko alikuwa na miaka 15, binti wa wazazi waliohama kutoka Kongo. Okutoyi na mwenzake wakapoteza seti ya kwanza 3-6. Wakarudisha ya pili 6-4. Ya tatu huamuliwa kwa mchezo mfupi wa kukata shauri: wa kwanza kufika pointi 10 anashinda, mradi amwache mpinzani kwa pointi mbili. Ikafika 9-9. Ikawa 10-9. Kisha 11-9!

Pointi mbili, basi, na Kenya ikapata taji lake la kwanza la Grand Slam la ngazi yoyote ile. Kabla ya hapo kilele chetu kilikuwa Paul Wekesa, aliyefika nambari 100 duniani kwa mchezaji mmoja mmoja mwaka 1995. Miezi sita tu kabla ya Wimbledon, Okutoyi huyuhuyu alikuwa ameingia kwenye vitabu kwa kushinda mechi kule Australia, msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya Grand Slam ya chipukizi. Tunamzungumzia binti aliyefiwa na mama siku za kuzaliwa kwake, akalelewa na nyanya yake jijini Nairobi, katika nchi ambayo viwanja vya tenisi unavitafuta kwa kurunzi. Kiwanja kimoja cha tenisi kina urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97. Kwa eneo, uwanja mmoja wa kandanda wa kimataifa unameza viwanja 27 vya namna hiyo. Viwanja vya mpira tunavyo kila kona, hata vile vyenye mbuzi ndani. Hivyo vingine viko kwenye vilabu vyenye geti na mlinzi.

Lakini utamu wa kisa hiki ulikuja baadaye. Yule mtoto wa miaka 15 aliyefungwa 11-9 hakulala. Mwaka 2025 alianza akiwa nje ya 300 bora. Agosti, jijini Montreal, aliingia kwa tikiti ya mwaliko akiwa nambari 85, akaanza kufyeka. Sofia Kenin, bingwa wa zamani wa Grand Slam, chini. Coco Gauff, aliyewekwa namba moja ya mashindano, chini kwa 6-1, 6-4 katika dakika 62. Matatu iliyotoka Eldoret wakati mechi inaanza ingekuwa inashusha abiria Kapsabet. Elena Rybakina alimshinda seti ya kwanza 6-1 na baadaye akabakiza pointi moja tu ya kumaliza mechi. Mboko akaiokoa. Katika mechi hiyohiyo alianguka na kuumia kifundo cha mkono, akainuka, akashinda. Kwenye fainali Naomi Osaka alichukua seti ya kwanza 6-2, kisha akapewa dawa yake 6-4, 6-1. Mabingwa wanne wa Grand Slam katika mashindano yaleyale, na Mboko alikuwa hajafikisha hata miaka 19. Orodha iliyofuata ilisoma: nambari 24.

Piga hesabu za kijiweni. Okutoyi alimpiga Mboko, Mboko akampiga Gauff. Kwa hiyo Kenya ilimpiga Gauff. Hesabu hiyo haina kasoro hata moja, na anayetaka kubishana aje tubishane.

5. Pengo jembamba kuliko yote: rula ya shule

Tenisi imetamba vya kutosha. Sasa zamu ya wanaotumia miguu bila raketi.

Agosti 31, 2003, Paris, fainali ya dunia ya mita 5,000. Macho yote yako kwa wawili. Hicham El Guerrouj wa Morocco, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500, ametoka kuitwaa dhahabu ya mbio hizo papo hapo Paris. Kenenisa Bekele wa Ethiopia naye ana dhahabu yake ya mita 10,000, bado ina joto. Kijana wa tatu ni wa Nandi, ana miaka 18, na jina lake wengi wanalisikia kwa mara ya kwanza: Eliud Kipchoge.

Kipchoge 12:52.79. El Guerrouj 12:52.83. Bekele 12:53.12.

Sekunde nne za mia. Kwa kasi ya mtu anayemalizia mita 5,000 kwa nguvu zake zote, muda huo ni kama sentimita 30, yaani ile rula ya plastiki ambayo kila mtoto wa shule anaitia kwenye mkoba na kuivunja kabla muhula haujaisha. Walikimbia mizunguko 12 na nusu ya uwanja, na rula moja ikaamua. Sijaona pengo jembamba hivi likimtoa mshindi asiyetarajiwa mbele ya vigogo wawili wa kiwango hicho kwa mpigo.

Kipchoge mwenyewe aliyaonja baadaye. Baada ya kushinda marathoni 10 mfululizo, alimaliza wa nane London mwaka 2020, na taji likaenda kwa Shura Kitata wa Ethiopia.

6. Njia mbovu kuliko zote: ya kwanza na ya tisa

Katika mbio za mita 400 kuruka viunzi, njia ya ndani kabisa ina kona kali inayomvuta mkimbiaji mrefu na kumvurugia hatua. Ya nje kabisa unakimbia kipofu: wapinzani wote wako nyuma yako, humwoni hata mmoja. Makocha hawazipendi njia hizo. Afrika Mashariki imezipenda.

Munich, Septemba 2, 1972. John Akii-Bua, askari polisi wa Uganda, alipangiwa njia ya kwanza. Kule kwao alizaliwa katika boma la chifu lenye watoto 43. Matatu tatu zingejaa na mmoja angetembea kwa miguu. Mwenye rekodi ya dunia na bingwa mtetezi, David Hemery wa Uingereza, alikuwemo. Akii-Bua alimaliza kwa sekunde 47.82, binadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48. Rekodi ya Hemery ya 48.12 ilikatwa kwa sekunde 0.30, ambazo kwa kasi ile ni kama mita mbili na nusu. Uganda ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, na mshindi akauzunguka uwanja akirukaruka kwa furaha.

Beijing, Agosti 25, 2015. Nicholas Bett wa Nandi, njia ya tisa. Kenya ya mbio ndefu ilikuwa haijawahi kupata dhahabu ya dunia katika mbio zozote zilizo fupi kuliko mita 800. Bett akatoka kama aliyechelewa gari la mwisho, akamaliza kwa 47.79. Linganisha na Akii-Bua: miaka 43 kati yao, na tofauti ni sekunde 0.03! Bett alifariki katika ajali ya barabarani huko Nandi Agosti 2018, akiwa na miaka 28 tu. Dhahabu ile ya njia ya tisa bado haijapata mwenzake Kenya.

7. Mwalimu wa bei nafuu

Siku iliyofuata, uwanja uleule. Julius Yego, mtoto wa Nandi aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube kwenye saiba, akaurusha umbali wa mita 92.72. Ulimwengu ulikuwa haujaona mrusho mrefu hivyo tangu 2001. Simama kwenye mstari wa goli wa uwanja wenye mita 105 na urushe mkuki huo: utatua ndani ya kisanduku cha goli la pili, zaidi kidogo ya mita moja kabla ya kitone cha penalti. Hadi hapo Kenya haikuwa na dhahabu hata moja ya dunia katika kurusha wala kuruka.

Mwaka ule Kenya iliongoza dunia nzima kwa dhahabu saba, na mbili kati ya hizo zilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akichungulia.

8. Kiu ndefu kuliko zote: miaka 40

Turudi kwa Uganda. Baada ya Akii-Bua, walingoja dhahabu nyingine ya Olimpiki mwaka baada ya mwaka, hadi Agosti 12, 2012. Miaka 40. Na walipoipata, waliichukua kutoka mfukoni mwetu.

Marathoni ya London siku hiyo ilikuwa kama imeandikiwa Kenya. Wilson Kipsang alikuwa ametwaa London Marathon Aprili ile. Abel Kirui alikuwa bingwa wa dunia mara mbili, 2009 na 2011. Nyuma yao alikuwepo Stephen Kiprotich wa Kapchorwa, miaka 23, ambaye mazoezi yake alikuwa akifanyia papa hapa, Kaptagat, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka Eldoret. Alikuwa amekula ugali wetu, amekohoa vumbi letu, amezijua siri zetu zote. Karibu na kilomita ya 37 aliwapita Wakenya wote wawili kwa mkupuo, na kwaheri. Kiprotich 2:08:01, Kirui 2:08:27. Kwa kasi yake, sekunde 26 ni kama mita 140, uwanja mzima wa mpira na theluthi ya mwingine.

Kwa uchungu, hiki ndicho cha kwanza kwenye orodha. Kwa haki, alistahili: mwaka uliofuata akatwaa ubingwa wa dunia Moscow, kuthibitisha kwamba hakuokota.

9. Mfanyakazi aliyekula karamu ya tajiri

Simon Biwott aliajiriwa kuweka kasi kwenye Berlin Marathon ya Septemba 2000. Kazi ya mweka kasi inajulikana: kokota wakubwa kilomita kadhaa, toka barabarani, chukua malipo, oga. Biwott hakutoka. Akaendelea mpaka mwisho, 2:07:42, bingwa. Mwaka uliofuata kwenye mashindano ya dunia kule Edmonton alipoteza dhahabu kwa sekunde moja, baada ya zaidi ya saa mbili barabarani, kwa Gezahegne Abera wa Ethiopia.

Ndugu yake wa karibu katika fani hii ni Wesley Korir wa Cherangany. Chicago 2008, alianza pamoja na wananchi wa kawaida, dakika tano nyuma ya wakimbiaji wakuu. Hakuwaona mbio nzima. Saa zilipolinganishwa, alikuwa wa nne! Boston aliishinda 2012 kwa njia ya kawaida, na 2013 akashinda pia kiti cha ubunge. Cherangany waliona hilo la mwisho kuwa gumu kuliko yote.

10. Utawala mrefu kuliko wote kuangushwa: miaka 53

Kipigo hiki kilitupata sisi, na ukubwa wake unaonekana tu ukianzia mwanzo wake.

Oktoba 1968, Mexico City, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Amos Biwott, kijana wa Nandi ambaye dunia haikuwa na habari naye, alifika kwenye shimo la maji na kufanya jambo ambalo wazungu waliokuwa wakitazama walidhani ni ujinga. Wenzake walikanyaga kiunzi, wakasukuma, wakatua majini, wakatoka wakichuruzika. Biwott aliruka kiunzi na shimo kwa pamoja, kama swala, akatua pakavu. Shimo lile lina urefu wa mita 3.66, fupi kidogo tu kuliko Probox. Mara saba katika mbio moja, mwishoni miguu ikiwa mizito, mtu anaruka Probox. Alimaliza kwa 8:51.0, viatu vikavu, dhahabu shingoni.

Tangu siku hiyo, kila Olimpiki ambayo Kenya ilishiriki, dhahabu hiyo ilikuja nyumbani. Kipchoge Keino 1972. Kisha kususia 1976 na 1980. Julius Korir 1984, Kariuki, Birir, Keter, Kosgei, Kemboi, Brimin Kipruto, Kemboi tena, Conseslus Kipruto 2016. Dhahabu 11. Sensa ya 1969 ilihesabu Wakenya milioni 10.9, ya 2019 ilihesabu milioni 47.6. Watu waliongezeka zaidi ya mara nne na dhahabu ile haikutoka nje ya mpaka.

Agosti 2, 2021, Tokyo, Soufiane El Bakkali wa Morocco alimaliza kwa 8:08.90. Lamecha Girma wa Ethiopia wa pili. Benjamin Kigen wetu wa tatu. Wanaopenda tenisi husimulia kwa kutetemeka jinsi Robin Söderling alivyomkata Rafael Nadal kule Paris mwaka 2009 baada ya mechi 31 bila kupoteza kwenye uwanja ule. Ile ilikuwa miaka minne. Hii ilikuwa miaka 53, na El Bakkali alirudia tena Paris 2024 ili tusije tukasema aliteleza.

Na katika upande huohuo wa machozi, Boston 2018: mvua, baridi, upepo wa usoni, na bingwa wetu wa dunia Geoffrey Kirui akiongoza. Yuki Kawauchi, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi ya ofisini katika shule ya serikali na kufanya mazoezi nje ya saa za kazi, akamfikia na kumwacha kwa zaidi ya dakika mbili. Mtu wa mshahara wa mwezi!

11. Pengo kubwa kuliko yote ya mita 1,500 za Olimpiki: sekunde 2.9

Huyu ni wa Eldoret, na uwanja wa jiji una jina lake, kwa hiyo msitarajie nisipendelee. Hata hivyo tarakimu zinajitetea zenyewe.

Julai 1967, Los Angeles, Jim Ryun wa Marekani alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa 3:33.1. Wa pili, nyuma kwa zaidi ya sekunde 4, alikuwa Kipchoge Keino. Ryun hakupoteza mbio za mita 1,500 wala maili kwa zaidi ya miaka mitatu. Alipofika Mexico City 1968, swali lilikuwa nani angepata fedha.

Keino alifika na maumivu ya nyongo. Kwenye mita 10,000 maumivu yalimtoa mbioni. Madaktari wakamkanya. Akakimbia mita 5,000, akapata fedha baada ya kupitwa kwa sekunde 0.2 na Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Kisha ikafika Oktoba 20, Siku ya Kenyatta kwetu enzi hizo, siku ya fainali ya mita 1,500. Basi lililokuwa likimpeleka uwanjani likakwama kwenye msongamano. Keino akashuka, akaubeba mfuko wake, akakimbia karibu maili moja kuelekea mahali ambapo alikuwa akienda kukimbia.

Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Eldoret iko karibu 2,100. Kwa Ryun hewa ile ilikuwa adhabu. Kwa Keino ilikuwa Jumapili ya kawaida. Mkenya mwenzake Ben Jipcho alikimbia mzunguko wa kwanza kwa kasi ya kuchoma mapafu ya watu wa mabondeni, Keino akapokea uongozi na kuendelea kuongeza moto, akijua kwamba silaha ya Ryun ni mita 300 za mwisho. Kwa hiyo alihakikisha kwamba zikifika, Ryun yuko mbali mno. Keino 3:34.9. Ryun 3:37.8. Karibu mita 20. Basi kubwa la abiria lina urefu wa mita 12 hivi. Paki moja na nusu hapo kati na bado hujafika kwa Ryun.

Ndani ya miezi 15, kutoka kupigwa kwa zaidi ya sekunde 4 hadi kumpiga mtu yuleyule kwa karibu 3: mgeuko wa sekunde 7 katika mbio zisizofika dakika nne. Muda wake ulidumu kama rekodi ya Olimpiki hadi Sebastian Coe alipouvunja Los Angeles mwaka 1984. Lile pengo la sekunde 2.9 hakulivunja Coe, wala yeyote kabla yake, wala yeyote baada yake. Katika historia nzima ya mita 1,500 za Olimpiki, hakuna bingwa aliyemwacha wa pili mbali kiasi hicho.